Punda Aliyeogopa Damu

Siku niliyokabidhi bunduki ofisini mlinipa zawadi mbili, kiti cha plastiki na blanketi zito, mkaniambia nikapumzike. Blanketi nimelitumia, maana baridi ya Tunduma ya mwezi wa saba haimjali mstaafu. Kiti nimekikalia pia. Kupumzika ndiko kumenishinda. Nikifumba macho naliona bonde la Momba, na nikiyafumbua nasikia malori yakipiga honi kugombea foleni ya kwenda Nakonde. Halafu namkumbuka yule mwenzenu aliyeniuliza mbele ya watu siku ya kuagana, huku akijizuia kucheka: "Mzee Haonga, eti ni kweli zamani mlikuwa mnafanya doria na punda?"

Ni kweli. Mlicheka sana, na mimi nikacheka nanyi kwa sababu soda zilikuwa zimeshafunguliwa. Nilipofika nyumbani nilisikia uchungu kidogo. Ninyi mna pikipiki, mna simu, mna kile kidude kinachowaambia mko wapi hata mkiwa mmepotea. Sisi tulikuwa na miguu, bunduki na punda, na mambo niliyoyaona nikitembea nyuma ya mkia wa punda sijayaona tena mahali popote. Habari za vyeo nitaziruka. Za mshahara nitaziacha zilale zilipolala. Nataka kuwaeleza kazi ilivyokuwa, na hasa siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau.

Nilifika kituo cha wanyamapori cha Ndalambo katikati ya miaka ya themanini, wakati ambao sabuni, sukari na betri za tochi zilikuwa zinavuka mpaka kwa kujificha, na biashara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kulegezwa. Nilikuwa nimetoka chuoni, Mnyiha wa Mbozi mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na nilitegemea kukuta gari. Gari lilikuwepo. Lilikuwa Landrova, limeinuliwa juu ya mawe, na ndani ya boneti kuku alikuwa anaatamia mayai. Nyuma ya ofisi nilimkuta mzee mmoja mwembamba amekaa chini, ana sindano kubwa ya kushonea magunia, anashona sogi, ile mifuko miwili inayoning'inia mbavuni mwa punda.

Huyo ndiye alikuwa Mzee Sichilima, askari wa wanyamapori wa siku nyingi, Mnamwanga wa hukohuko, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Hakuniuliza vyeti. Aliniangalia viatu, akaniuliza, "Unajua kufunga mzigo?"

Nikasema najua. Nani asiyejua kufunga mzigo? Akanionyesha punda dume wa kijivu aliyesimama kwenye kivuli cha ukuta, jina lake Meja, na gunia la unga, sufuria, na turubai. Nikafunga kwa nguvu zangu zote za ujana. Meja alinisubiri nimalize, akapumua, akatembea hadi nyuma ya choo. Aliporudi sogi lilikuwa chini ya tumbo na unga umemwagika njia nzima. Nilikuja kujua baadaye kwamba punda hujaza hewa tumboni wakati anafungwa, akishapumua kamba inalegea, kwa hiyo mfungaji anafunga, anasubiri, anapiga stori kidogo, kisha anafunga tena. Mzee Sichilima hakucheka wala hakunikaripia. Alisema tu, "Jioni hii tutakula viazi, mukwai," yaani bwana kwa lugha ya kwao, akaendelea kushona.

Kesho yake tulishuka bondeni. Ninyi mnaoteremka kwa gari mnaangalia barabara, kwa hiyo sijui kama mmewahi kuliona. Unatembea kwenye nchi ya juu, mashamba ya mahindi na maharage, miombo, upepo wa baridi, nchi ya kawaida kabisa, halafu ghafla mbele yako ardhi inakwisha. Chini kule, mbali, kuna nchi nyingine, ina rangi nyingine na joto lake, na mto Momba unajipinda ndani yake ukielekea Rukwa. Siku ile kundi la mbogo lilikuwa linavuka mto. Kwenye vitabu vya chuo wanaitwa nyati, lakini hakuna mtu aliyewahi kumkimbia nyati, watu wote hukimbia mbogo. Kutoka juu kule hatukusikia chochote. Weusi ule ulikuwa unaingia majini upande mmoja na kutokea upande mwingine, hauishi, na vumbi limesimama juu yake. Nilisahau kufunga mdomo. Mzee akaniacha niangalie mpaka niliposhiba mwenyewe, akasema, "Mimi naangalia tangu sijaota ndevu. Bado sijazoea."

Mtauliza kwa nini punda, kwa nini siyo farasi kama kwenye sinema. Mzee aliwahi kumwona farasi wa mzungu mmoja wa shamba la kahawa, mnyama mzuri, anang'aa, alishushwa bondeni kwa mbwembwe nyingi. Mbung'o walimmaliza kabla hata hajazoea nyasi. Mzungu huyo akajaribu na nyumbu, nina maana yule mtoto wa farasi na punda, siyo yule wa Serengeti, naye akarudi bila nyama mwilini. Punda naye anaumwa na mbung'o, lakini anavumilia, anakula miiba, anakunywa maji machafu, na pale asipotaka kukanyaga, wewe usikanyage. Mara nyingi nilimvuta Meja kwa hasira, nikaja kuona shimo la muhanga lililofunikwa na nyasi, au chatu aliyejikunja, au mamba aliyelala tope moja na sisi. Nikajifunza kuwa na adabu.

Kazi kubwa ilikuwa wanyama wakali na waharibifu. Kiboko anakula mpunga wa watu, tunaitwa. Mbogo ameua mtu, tunaitwa. Tukishamwangusha, ngozi na pembe zinakwenda ofisini, nyama ni ya kijiji kilichoumizwa. Hiyo nyama ilikuwa na desturi yake. Mzee Sichilima alikuwa haachi nyama ilale chini. Joto la bonde linaiharibu upesi, na watu waliokaa na njaa wakisimama muda mrefu mbele ya nyama wanaanza kuangaliana vibaya na visu mkononi. Kwa hiyo mnyama akianguka tu, watu wanaitwa, wanachuna, wanakata, nyama inafungwa juu ya punda na kuondoka palepale kwenda kugawiwa kijijini mbele ya wazee. Yeye na mimi tunabaki na kichwa na ngozi. "Nyama haina subira," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Tatizo ni kwamba punda anaogopa damu. Yeye mwenyewe ni chakula cha wenye meno, na pua yake inamwambia kwamba penye damu pana simba. Meja alifundishwa. Mzee alichukua ngozi mbichi ya pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, akaitundika mbali na hori, na kila baada ya muda akaisogeza karibu kidogo, huku anampaka Meja majivu puani na kumpa pumba za mahindi kwa mkono wake. Ilichukua msimu mzima wa mvua. Mwishoni Meja alikuwa anabeba paja la kiboko linalochuruzika damu na uso wake umetulia kama anabeba kuni. Nilimwona mara nyingi, na kila mara nilimstaajabia Mzee zaidi kuliko punda.

Miaka ya tisini ilipoanza, wafugaji wa Kisukuma walikuwa wanashuka bondeni na ng'ombe wao, familia kwa familia, na walikuja na punda wengi. Hapo ndipo tulipomfahamu Mama Minza. Alikuwa na boma lake upande wetu wa mto, chini ya mteremko, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana na kicheko cha ghafla. Ng'ombe walikuwa wa mume wake, punda walikuwa wa kwake, na katika hilo hakukuwa na mjadala. Kazi ikizidi tulikuwa tunamwazima punda jike mmoja mweusi aliyemnunua Nakonde, akamwita Kwacha kwa sababu ya hela aliyotoa. Kwacha alikuwa na nguvu kupita Meja na kwato za kupanda mawe. Lakini damu, hapana. Tulijaribu mara moja kumfunga nyama ya ngiri, tena ndogo, imefunikwa majani mabichi. Alikaa chini kama mbwa. Kisha akainuka na kukimbia, na unga wetu, chumvi yetu na risasi zetu zikatawanyika mteremko mzima, tukawa tunaokota mpaka miguu ikawaka moto. Mzee alijaribu na majivu, akajaribu na pumba, msimu ukaisha. Kwacha alikula pumba, akayafuta majivu kwenye shati la Mzee, na damu akaendelea kuikataa.

"Mwache," Mama Minza alimwambia. "Huyu hawezi. Kila mtu ana kitu hawezi."

Sasa naifikia siku yenyewe. Ilikuwa mwisho wa masika, karibu na mwisho wa miaka ya tisini, barabara za bondeni zote ni tope na hakuna gari linaloshuka wala kupanda. Ilikuja habari kwamba kuna mbogo dume upande wa mashamba ya mto, chini ya Msangano, aliyepigwa gobori na majangili begani, kidonda kimeoza, na mnyama amekuwa kichaa. Alikuwa ameshamuua mzee mmoja shambani, na wanawake walikuwa hawaendi tena mtoni. Tulishuka na Meja, tukapita kwa Mama Minza kumchukua Kwacha. Kwacha alikuwa amezaa karibuni, mtoto bado ana miguu mirefu isiyojua pa kwenda, na Mama Minza akasema punda haendi bila mtoto na mtoto haendi bila yeye. Mzee akasema sawa.

Tulimkuta mbogo dume asubuhi kwenye matete, peke yake, mahali palepale watu walipotuelekeza. Mzee alipiga risasi moja na mbogo akaanguka. Watu wa Msangano waliokuwa wanasubiri ng'ambo walivuka kivukoni kwa vigelegele, wakajaa, visu kila upande, na kwa desturi yetu ileile nyama ilichunwa, ikakatwa, ikafungwa juu ya Meja na vichwani mwa watu, ikaondoka. Walipokuwa wanavuka kurudi, maji yalikuwa yanafika magotini. Juu kule milimani kulikuwa kweusi kwa mvua, na dakika chache baada ya mtu wa mwisho kutoka majini, mto ulijaa, unakuja mwekundu na magogo ndani yake. Hakuna aliyejali. Nyama ilikuwa imefika salama ng'ambo na sisi njia yetu ilikuwa ya kupanda.

Palipotulia tukaitandaza ngozi. Mama Minza alikuwa mbali kidogo, chini ya migunga, amemshika Kwacha upande ambao upepo haumpelekei harufu. Mzee aliegemeza bunduki yake kwenye kichuguu, akapiga magoti, akaanza kupitisha viganja juu ya ngozi ile. Alianzia begani. Akarudia. Akaigeuza. Nikaona shingo yake inakakamaa.

"Haonga," alisema polepole, "hii ngozi ni nzima."

Hapakuwa na tundu la gobori, wala usaha, wala kovu, isipokuwa tundu la risasi yetu. Visu vilikuwa vingi mno na haraka ilikuwa kubwa mno, hakuna mtu aliyekumbuka kuangalia bega. Tulikuwa tumeua mbogo mwingine. Yule wa kidonda alikuwa bado yupo, na alikuwa amesikia kila kitu.

Alitokea kwenye matete bila kukoroma. Watu wanasema mbogo anakuja na kelele. Yule alikuja kimya, pua juu, bega moja limevimba na inzi wamelizunguka, na mkubwa kiasi kwamba kwa nafasi ya kupumua mara moja nilisahau kwamba nina bunduki. Nasema ukweli, alikuwa na utukufu wake. Mzee hakuwahi kufikia kichuguu. Alirushwa juu kama shuka, akaanguka, na mbogo akageuka kumrudia, hapo ndipo mikono yangu ilipokumbuka kazi yake. Nilipiga, nikapiga tena. Alianguka kichwa kikiwa karibu kabisa na miguu ya Mzee.

Pembe ilikuwa imeingia kwenye paja. Damu ilikuwa nyingi na inatoka kwa nguvu. Mama Minza alikuja mbio, akaivua kanga ya mabegani, akaipasua kwa meno, tukafunga juu ya kidonda na kukaza kwa kijiti. Ilipungua. Haikukoma. Ng'ambo kulikuwa na watu wazima wa kutosha kubeba machela nne, tuliwaona wakituonyesha kwa mikono, na kati yao na sisi mto unanguruma. Meja aliyezoea damu alikuwa ng'ambo hiyohiyo, amebeba nyama. Msaada ulikuwa juu, barabara ya Ndalambo, malori ya mazao yanakopita kwenda Tunduma. Mimi na mwanamke mmoja tusingeweza kumpandisha Mzee mteremko ule akiwa hai.

Alikuwa anajua. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya majivu lakini akili ilikuwa palepale. Aliniambia, "Usijaribu na Kwacha. Atanivunja shingo bure. Nilaze kivulini, nenda kaite watu." Nilijua nikienda kuita watu nitarudi kuchukua maiti. Naye alijua. Nilianza kulia, na siyaonei aibu machozi yale.

Mama Minza hakulia. Alimleta Kwacha. Alimleta kwa hatua ndogondogo, anamsemesha Kisukuma, kiganja amekiweka juu ya jicho lake. Kwacha alipoivuta ile harufu alirudi nyuma, akapiga mateke hewani, akakaa chini kama ile siku ya ngiri. Tukamwinua. Akakaa tena. Macho yalikuwa meupe pande zote. Kisha Mama Minza akafanya kitu ambacho mimi, na mafunzo yangu yote, kisingenijia. Alimkamata yule mtoto, akampachika mabegani, miguu miwili huku na miwili huku, akazishika kwato kifuani kwa mikono yake, na kuanza kupanda mlima.

Mtoto alilia. Kwacha aliinuka.

Nilimpakia Mzee wakati ule ule, kwa haraka, kamba kiunoni, mguu mzima upande mmoja na ule mbaya nimeulaza juu ya sogi. Damu yake ilikuwa inamgusa punda mbavuni, na ngozi ya Kwacha ilikuwa inarukaruka pale ilipogusa. Lakini mtoto alikuwa analia huko mbele, na mama akatoka kumfuata. Nilitembea ubavuni, nimemkumbatia Mzee kiunoni asidondoke. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye mteremko.

Nimeupanda mteremko ule mara nyingi sana na sijawahi kuupanda kama siku ile. Mawe yalikuwa yanateleza kwa mvua. Mama Minza alikuwa hageuki nyuma, shingo imeinama chini ya uzito, jasho linadondoka kwenye ncha ya pua. Mtoto akinyamaza, Kwacha anapunguza mwendo, anaanza kugeuza shingo kunusa mbavu zake mwenyewe. Hapo Mama Minza anamfinya mtoto sikio, mtoto analia, Kwacha anapiga hatua tena. Mzee alikuwa anazirai na kuzinduka. Akizinduka aliniuliza jambo moja tu, "Bado anakwenda?" Namjibu bado, Mzee. Anasema, "Siamini," anafumba macho.

Karibu na juu kuna mahali watu wa huko wanapaita Ngazi, ambapo njia inakuwa mawe matupu yaliyopangana na mtu lazima apande kwa mikono. Mama Minza alifika hapo akajaribu, akashindwa. Mikono ilikuwa miwili na yote ilikuwa imeshika mtoto. Alijaribu tena, goti likapasuka kwenye jiwe. Akamweka mtoto chini na kukaa, na kwa mara ya kwanza nikaona amekwisha.

"Baba Haonga," aliniambia, "mimi basi. Nimefika mwisho."

Mtoto alifanya ambalo kila mtoto angefanya. Alimkimbilia mama yake kutafuta ziwa, akaifikia ile damu, akaruka nyuma, akaenda kusimama nyuma yetu, upande wa chini, akawa anamwita mama kutoka kule tulikotoka. Nikajua yamekwisha. Punda jike hamwachi mtoto mchanga nyuma yake. Ningekuwa na muda wa kusali ningesali. Nilichofanya ni kumlegeza Mzee kamba, ili punda akigeuka kwa nguvu asiburuzwe juu ya mawe.

Kwacha alimwangalia mtoto. Alinusa mbavu zake, mahali damu ilipokuwa, taratibu, kama anayesoma. Kisha akageuza uso kwenye Ngazi, akaweka kwato ya kwanza juu ya jiwe la kwanza, na kupanda.

Hakuna aliyemvuta. Hakuna aliyempiga. Mbele yake hapakuwa na kitu chochote isipokuwa mawe na mawingu. Mimi nilikuwa na kazi ya kumkumbatia Mzee na kushangaa, basi. Alipanda bila kutafuta njia, kwato moja baada ya nyingine, mzigo umetulia mgongoni, mpaka upepo wa baridi wa nchi ya juu ukatupiga usoni. Nyuma yetu nilimsikia mtoto anahangaika kupanda kutufuata, na Mama Minza anamsukuma matako huku anatukana. Mmenisikia nikieleza sababu za mambo mengi ya wanyama, kwa nini tembo hivi, kwa nini mamba vile. Hili sina sababu yake. Nimelifikiria miaka yote ya kazi na sijui.

Barabarani lilikuja lori la maharage, na dereva, Mungu ambariki, hakuuliza mara mbili. Tulimshusha Mzee, tukamlaza juu ya magunia. Mimi nikarudi kumfungua Kwacha sogi kabla ya kuondoka, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, mnyama hasimami na mzigo. Nilipoliondoa tu, alianza kutetemeka. Hakutetemeka kidogo. Miguu yote minne, midomo, masikio, ngozi yote, hadi meno yalikuwa yanagongana na nikayasikia. Njia nzima nilidhani ameizoea ile damu. Kumbe hakuizoea hata kidogo. Alikuwa anaogopa kila hatua, na alikuwa amejizuia kutetemeka mpaka mtu aliyekuwa mgongoni aliposhuka. Mama Minza alimkumbatia shingo na kubaki hivyohivyo, wote wawili wanatetemeka, tukawaacha pale barabarani.

Mzee Sichilima aliishi. Hospitali walimkata mguu, na alikaa kule mpaka mvua zikaisha. Nilipokwenda kumtembelea nilimsimulia yale ambayo hakuyaona, kuhusu Ngazi, na kuhusu kutetemeka kule. Alinisikiliza hadi mwisho akiangalia dari. Mimi nilidhani amechoka, nikamfunika na kuondoka.

Kiangazi alipotoka, gari la ofisi lilikuwa limetengenezwa na barabara ya bondeni imekauka. Nilikwenda kumchukua kumpeleka kwake, mke wake amepika, ndugu wamekuja hadi kutoka Nakonde. Akakataa kwenda nyumbani. "Nishushe bondeni kwanza," alisema. Tukashuka vumbini hadi kwenye boma la Mama Minza. Tulimkuta anapepeta mtama. Kwacha alikuwa zizini anakula mabua, mtoto wake ameshakua, ana masikio makubwa kuliko akili.

Mama Minza alitaka kumletea kigoda. Mzee akakataa. Alijiinua kutoka garini kwa magongo yake mawili, akaenda polepole mpaka kwenye uzio wa miiba, akasimama. Alivua kofia yake ya kazi, ambayo sikuwahi kumwona akiivua mbele ya mkuu yeyote. Nilikaa tayari kumshika nikidhani anataka kuanguka. Hakuwa anaanguka. Alikuwa anainama.

"Shikamoo," alimwambia punda.

Hakuna aliyecheka. Ndugu zake waliokuja na gari walitazama chini. Kwacha aliinua kichwa, akamwangalia, akarudi kwenye mabua yake. Mzee akabaki ameinama, kofia mkononi, anasubiri kuitikiwa, na ilionekana wazi kwamba hataondoka bila jibu. Mama Minza, ambaye kwa umri angekuwa binti yake, aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaja kusimama kando ya punda wake.

"Marahaba," alisema.